Nani Alimchinja Mbuzi wa Mama Donatille?

Wiki jana tuliachana vibaya, najua. Ujumbe wenu nimeusoma wote, hata wa yule dada wa Himbi aliyeniita mchawi kwa sababu nilikata hadithi mkono wa mtu ukiwa njiani kwenda kinywani. Haya, dada, mkono bado uko hewani. Turudi.

Ni Noeli, saa ya chakula cha mchana, nyumbani kwa Mama Donatille, mtaa wa Majengo. Mkono ni wa Aboubacar, dereva, kijana mwenye njaa na mapenzi kwa wakati mmoja. Kando yake wamekaa wazazi wake, Muzee Twahiru na Mama Shida, Waislamu wenye asili ya Maniema. Mbele yake amekaa Nishimwe, binti pekee wa Mama Donatille, na kati yao kuna bakuli la nyama ya mbuzi linalotoa mvuke. Posa ilikuwa ijibiwe siku hiyo hiyo, baada ya kula.

Aboubacar alikuwa ameshafungua kinywa. Baba yake akamshika kiwiko.

"Mama Nishimwe," Muzee Twahiru aliuliza, polepole kabisa, "nani alichinja hii mbuzi?"

Wasomaji wa mbali mtaniuliza, swali gani hilo la kumtia mtu jasho? Basi jueni. Kwetu, Mkristo mwenye jirani Mwislamu hachinji mwenyewe siku ya Noeli. Anamwita jirani, anampa kisu mkononi, jirani anachinja kwa kumtaja Mungu wake, na wote wanakula chungu kimoja. Shingo ni fungu la mchinjaji. Miaka yote familia hizi mbili zilipoishi Munigi, nje kidogo ya mji, ukuta kwa ukuta, mchinjaji wa Mama Donatille alikuwa Muzee Twahiru.

Mama Donatille alikuwa akilisubiri swali hilo tangu jana yake. Moyo ulimdunda kwa furaha, Mungu amsamehe.

Mtazameni vizuri huyu mama. Mjane, mzaliwa wa Kalengera, kiongozi wa wamama wa parokia, rozari yake ndefu kuliko ulimi wake, na ulimi wenyewe si mfupi. Amesamehe watu wote duniani isipokuwa wale waliomkosea. Tangu Januari, vita vilipofika Munigi na mumewe Habarurema akafa barabarani, alikuwa na jina moja tu la kulaumu: Twahiru. Twahiru alikuwa dereva wa minibasi iliyowatorosha. Twahiru hakumngoja Habarurema. Basi. Mwaka mzima benki za mji zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa, lakini kinyongo cha Mama Donatille kilikuwa wazi kila siku hata Jumapili.

Padri alimuuliza mara nyingi, "Mama, ile maneno ya Twahiru, umesamehe?"

"Bado niko naiombea, padri," alijibu kila mara, macho chini, mikono kifuani. Padri akachoka kuuliza.

Sasa mtoto wa Twahiru ndiye aliyekuja kuposa. Kukataa wazi angeonekana mbaya mbele ya kanisa na mbele ya binti yake. Ndipo akapata mpango mtamu. Angewaalika wakwe, angepika vizuri, ila nyama ingechinjwa na Mkristo. Wakwe wangeikataa. Yeye angelia kidogo, angesema wamedharau meza yake siku ya kuzaliwa Bwana, na posa ingekufa mikononi mwao wenyewe. Hotuba alishaifanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Ni Wenceslas," akajibu, kichwa juu.

Wenceslas alikuwa mwisho wa meza. Ni sauti ya besi ya korali, kwaya ya parokia, mwanaume wa makamo mwenye masharubu, na ndiye mkwe ambaye Mama Donatille alimtaka. Chini ya kiti chake kulikuwa na chupa ya bia iliyofunikwa kwa kitabu cha nyimbo.

"Mimi mwenyewe," alisema, kinywa kimejaa. "Na maji ya baraka nilinyunyiza. Pande zote."

Aboubacar alirudisha kipande kwenye sahani, kwa huzuni ya kweli. Mama Donatille akavuta pumzi aanze hotuba.

"Sawa," alisema Muzee Twahiru, akionyesha bakuli la kisamvu. "Na sombe?"

"Sombe?"

"Iko na nyama ndani?"

"Hapana, papa," Nishimwe alidakia haraka. "Nilipika mimi mwenyewe, na mafuta ya mawese tu. Sufuria yake peke."

"Basi unipe sombe, mutoto yangu. Na ndizi. Na ile maharagi. Mimi sikukuya juu ya mbuzi."

Akala. Mama Shida naye akala, akasifu chumvi. Aboubacar alikula sombe mpaka akaomba aongezewe. Mama Donatille alibaki na kinywa wazi, na hotuba imemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Lakini munadharau nyama yangu!" alijaribu.

"Nani anadharau?" Mama Shida alishangaa. "Mama, si tuko tunakula? Nisogezee ile sahani ya viazi."

Ayiwe! Mtego umetegwa, na windo limekaa kando linaomba viazi.

Chini ya kiti cha Mama Shida kulikuwa na kikapu ambacho kilikuwa kikijikuna na kukoroma tangu wageni walipoingia. Watu walikuwa na adabu, hawakuuliza. Sasa akakivuta, akatoa jogoo mwekundu, miguu imefungwa kamba, macho ya hasira.

"Tulikuletea Noeli," alisema.

"Miaka yote kule Munigi," Muzee Twahiru alieleza, "uliniita mbele ya sikukuu. Hii mwaka nilikaa kwa nyumba nangoja. Hakuna mutu alikuya. Nikaambia Shida, basi mbuzi imepata mwenye kuchinja. Tuende na jogoo, tusimupatishe mama wa watu haya mbele ya wageni."

Mama Donatille alisikia masikio yakimwaka moto. Watu aliotaka kuwaaibisha walikuwa wamebeba dawa ya aibu yake ndani ya kikapu.

Muzee Twahiru alinawa mikono kwenye beseni. Kisha akanyoosha kiganja juu ya meza, bado kinadondoka maji.

"Unipe kisu, Mama Nishimwe. Kama zamani."

Hapo hata Wenceslas aliacha kutafuna. Kila mtu mezani alijua kwamba jambo lenyewe halikuwa jogoo. Mwenye nyumba ndiye anayetoa kisu, kwa mkono wake mwenyewe, na mwenye kinyongo hampi adui yake kisu. Ukikitoa, umesamehe. Usipokitoa, wageni wanavaa viatu.

Kisu kilikuwa karibu na keki. Mama Donatille alikishika mpini, akakikaza, akakibakisha kwake.

"Wewe!" alilipuka. "Uliacha bwana yangu kwa barabara, leo unaniomba kisu? Yezu wanjye! Kwa nyumba yangu? Siku ya Noeli?"

"Mama," alisema Nishimwe. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mama yake aliiogopa sauti hiyo kuliko kelele. "Papa Twahiru anakaa ng'ambo ya barabara. Wenceslas anakaa mbali kule Ndosho. Juu ya nini uliita Wenceslas achinje?"

"Alijitolea."

"Uliniita kwa simu," Wenceslas alisahihisha, maana ni mtu wa kweli asipoulizwa. "Ukasema nisikose, ni jambo kubwa."

"Ulifanya makusudi," alisema Nishimwe. "Ulijua hawatakula. Na asubuhi ulipokea komunyo, mama. Nilikuwa nyuma yako."

"Usinifundishe dini!"

"Basi unifundishe wewe."

Nishimwe akamgeukia Muzee Twahiru. Siku ile ya Januari yeye pia alikuwa ndani ya minibasi, amebanwa nyuma kati ya magodoro na watoto wa watu, hakuona kitu wala hakusikia neno kwa vilio vya watoto. Alijua tu alichoambiwa na mama yake: kwamba baba alishuka kusaidia mzee mmoja apande, na dereva akaondoa gari.

"Papa Twahiru, mimi nataka kuingia kwa nyumba yako. Siwezi kuingia na hii maneno kwa roho. Leo uniambie kweli. Siku ile, juu ya nini haukungoja baba yangu?"

Muzee Twahiru hakumtazama Mama Donatille. Alitazama pembeni ya sebule, ambako mashini ya kushona ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe, na juu yake pango la Noeli limepangwa: Mtoto Yesu, Bikira Maria, Yosefu asiye na mkono mmoja, na ng'ombe wa plastiki. Mama Donatille alifuata macho yake.

Nishimwe hajui, lakini ninyi nitawaambia. Hapakuwa na mzee yeyote wa kupandishwa. Habarurema alikuwa ameshakaa, mlango umeshafungwa, ndipo mkewe akapiga kelele: mashini yangu! Siendi bila mashini yangu, Habarurema, rudi uilete! Na Habarurema, ambaye miaka yote ya ndoa hakujua kumkatalia, alishuka akarudi. Twahiru alingoja. Risasi zikafika, watu wakapiga kelele aondoke, akaondoka. Majirani walimkuta Habarurema njiani, na mashini kando yake, nzima kabisa, hata sindano haikupinda. Ndiyo hiyo iliyobeba pango la Noeli. Na kitenge alichovaa Mama Donatille siku hii ya Noeli kilishonwa juu yake.

"Sema, Twahiru," Mama Shida alimwambia mumewe. "Sema, ama nitasema mimi."

"Nyamaza, Shida."

"Mwaka muzima wanakuita muuaji kwa barabara! Sema!"

"Nimesema nyamaza."

Muzee Twahiru alivuta pumzi. Akamtazama Nishimwe usoni.

"Niliogopa, mutoto yangu," alisema. "Risasi ilikuwa mingi. Sikungoja baba yako. Ni mimi. Unisamehe."

Wapenzi wasomaji, mzee alidanganya. Siku ya Noeli, mbele ya Mtoto Yesu wa plasta, Mwislamu alisema uongo ili Mkristo asivuliwe nguo mbele ya mtoto wake.

"Ametubu!" alishangilia Wenceslas. "Ndugu zangu, tuimbe!" Akaanzisha wimbo wa sifa kwa besi nzito. Hakuna aliyemfuata. Alifika mstari wa pili peke yake, akasita, kisha mkono wake ukatafuta chupa chini ya kiti.

Aboubacar alikuwa amegeuka kumtazama baba yake kama mgeni.

"Papa, ni kweli?"

"Ni kweli."

Nishimwe alisimama. Alivua pete ambayo Aboubacar alishamvika, akaiweka juu ya meza, karibu na sahani ya sombe.

"Basi siwezi, Aboubacar. Nakupenda, lakini siwezi. Siwezi kuita papa mutu aliyeacha papa yangu."

Mama Shida akaanza kulia, kilio cha chini chini, shela imefunika kinywa. Aboubacar alichukua pete akaifunga ndani ya ngumi.

Haya, Mama Donatille, pongezi! Umeshinda. Posa imekufa, tena haikufa kwa mkono wako. Adui amekiri mwenyewe, mbele ya mashahidi. Binti anabaki nyumbani, Wenceslas anangoja na masharubu yake. Kilichobaki ni kunyamaza tu, mpaka wageni wavae viatu.

Lakini tatizo ni kwamba mama huyu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Na kitu kingine, ambacho hata mimi niliyemcheka tangu mwanzo lazima nikiseme: ushindi haukuwa na ladha. Alitafuta furaha ndani ya moyo wake, akaikosa. Aliona kiganja cha Twahiru, bado kiko wazi juu ya meza, bado kina maji, kinangoja kisu baada ya yote hayo. Akamkumbuka Habarurema. Alimpenda yule mwanaume. Kila alipokanyaga mashini ile alijisikia vibaya, na kila siku aliikanyaga, kwa sababu kuiacha kungekuwa kukiri.

"Anadanganya," alisema.

Watu wakageuka.

"Huyu muzee anadanganya. Nishimwe, mutoto yangu, kaa."

"Nasikia nikiwa nimesimama."

"Ni mimi nilirudisha baba yako. Juu ya mashini. Hakukuwa muzee wa kupandisha, hakukuwa kitu. Nilisema sitoki bila mashini yangu, akashuka. Twahiru alingoja. Alingoja mpaka risasi ilivunja kioo ya nyuma."

"Inatosha, Mama Nishimwe," Muzee Twahiru alisema kwa upole.

"Haijatosha!" Sasa alikuwa analia, wanja unashuka hadi kidevuni, na wala hakuujali. "Mutasema ni watu walipiga kelele aondoe gari. Watu gani? Sauti ya kwanza ilikuwa yangu. Mimi ndiye nilisema twende. Niliona risasi imevunja kioo, nikaona wewe nyuma pale kwa magodoro, nikasema twende, twende, Twahiru, twende! Nilijua baba yako bado hajafika. Nilijua, Nishimwe."

Hata Mama Shida aliacha kulia. Jambo hilo hakuwa amelisikia, maana hata mumewe hakuwahi kumwambia.

Mama Donatille alikisukuma kisu juu ya meza, mpini mbele, kuelekea kiganja kile.

"Papa Aboubacar, unisamehe. Chukua. Uchinje kama zamani." Kisha akamtazama binti yake. "Na wewe, mama yangu, unisamehe."

Muzee Twahiru alikunja vidole apokee. Mkono mwingine ukawahi. Nishimwe alikuwa amekikamata kisu yeye.

Hakupiga kelele, hakulia. Alimtazama mama yake, macho yale yale ya Habarurema, kisha akajibu kwa adabu yote, kama mtu anayemjibu padri.

"Bado niko naiombea, mama."

Akachukua funguo za minibasi zilizokuwa kando ya sahani ya Aboubacar, akatoka. Mlango wa mbao ukagonga ukuta. Jogoo akapata woga, akapiga mabawa juu ya keki.

Halafu minibasi ikanguruma nje.

Wote walimtazama Aboubacar. Aboubacar alikuwa bado amekaa. Basi nani amewasha gari? Nishimwe hajui kuendesha, au ndivyo mama yake alivyojua.

"Nilimufundisha," kijana alikiri, akitazama sahani. "Kule njia ya Lac Vert. Kila siku ya mazoezi ya korali."

"Kumbe!" alisema Wenceslas. "Ndiyo maana soprano haikuwa inatosha!"

Mama Donatille hakuwa tena mezani. Alikuwa ameshatoka, kiatu kimoja mguuni, kingine kimebaki kwenye mawe meusi ya volkeno mbele ya mlango. Minibasi ilikuwa imegeuza uso kaskazini, njia ya Munigi, njia ambayo yeye hakuwa ameikanyaga tangu Januari. Kule ndiko Habarurema alikoanguka.

"Ngoja!" alipiga kelele. "Nishimwe! Ningoje! Usiniache, mutoto yangu, ningoje!"

Alikimbia huku kitenge kinamfungukia kiunoni, na kila aliposema ngoja, neno lilimrudia masikioni. Wamama waliokaa milangoni na sahani zao za Noeli walisimama kumtazama. Gari halikungoja. Nyuma yake Muzee Twahiru alikuwa anakuja mbio za kizee, jogoo kwapani, na Aboubacar anampita.

Mbele, penye kona, taa nyekundu za nyuma zikawaka. Minibasi ikasimama.

"Asante Yezu," alihema Mama Donatille. "Ananingoja. Munaona? Amenisamehe, ananingoja!"

Muzee Twahiru alimfikia, akamshika mkono kwa nguvu.

"Usikimbie, mama," alinong'ona. "Tembea polepole. Mikono ionekane."

Ndipo naye akaona. Mbele ya minibasi kamba ya kizuizi ilikuwa imevutwa kukata barabara. Vijana wawili wenye bunduki walikuwa wamesimama hapo, na mmoja alikuwa ameshafika kwenye dirisha la dereva, anagonga kioo kwa mdomo wa bunduki, anamwamuru dereva afungue mlango na atoe mikono nje.

Na mkononi mwa dereva kulikuwa bado na kisu cha Mama Donatille.